Ganda la hazeli, mchanga au umbo la jiwe? Kuchagua njia ya kupima umri wa zana za Mesolithi

Tuseme una mkusanyiko wa zana za mawe kutoka makazi ya Mesolithi kaskazini-magharibi mwa Ulaya: vibanzi elfu kadhaa vya gumegume, mikrolithi mia mbili hivi (vijiwe vidogo vilivyochongwa ili vipachikwe kwenye mishale na zana nyingine), mawe mama machache yaliyobanduliwa vibanzi hivyo, na mfuko wa makaa yaliyotoka humo humo. Fedha uliyo nayo inatosha vipimo vichache vya maabara. Msimamizi wako anataka tarehe, na anataka mkusanyiko huo ulinganishwe na mingine. Utapeleka nini kupimwa?

Kuna jambo moja linaloamua mengine yote. Gumegume la Uingereza na Denmark kwa sehemu kubwa liliumbika ndani ya chaki enzi za dinosaria, kwa hiyo umri wa jiwe lenyewe haukwambii lolote kuhusu siku mtu alipolipasua. Ukiacha njia moja nitakayoigusia chini, kila unachopima ni kitu kingine kilicholala karibu na jiwe: ganda, mfupa, kaa la moto, punje ya mchanga. Cha kuchagua kwanza, basi, ni kitu kipi kimefungamana na mawe yako kwa karibu zaidi. Mashine inafuata. Wengi huanza upande wa pili, wakiulizia bei za maabara kabla hawajauliza makaa yao yalitoka tabaka gani.

Mesolithi ninayozungumzia ni kipindi cha wawindaji na wakusanyaji wa Ulaya baada ya barafu kurudi nyuma, takriban mwaka 9600 KK, hadi kilimo kilipoingia, ambako kwa Uingereza na Denmark ni karibu na 4000 KK. Si Zama za Kati za Mawe za Afrika. Hizo zimeitangulia kwa makumi ya maelfu ya miaka, na ukizichanganya ushauri ulio hapa chini hautakufaa.

Makaa na ganda la hazeli

Radiokaboni ndiyo hufikiriwa kwanza, na inastahili. Willard Libby na wenzake waliianzisha Chicago mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1960 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kiumbe kikifa huacha kupokea kaboni mpya, na kaboni 14 iliyobaki ndani yake hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi. Uwezo wa njia hii unaishia kwenye miaka 50,000 hivi, kwa hiyo Mesolithi yote imo ndani kwa nafasi tele.

Makaa hupatikana kwa wingi, na kwa miongo mingi ndiyo yaliyopelekwa maabara. Kasoro yake ni kwamba mti huwa na umri wake kabla ya kuingia motoni. Mwaloni ulioishi karne tatu, ukichanjwa kuni, kaa la moyo wake litatoa tarehe iliyozidi umri wa moto kwa karibu karne tatu hizo. Isitoshe, kaa huhama. Mizizi hulisukuma, minyoo hulishusha, na moto wa msituni huzalisha mengine ambayo hayajawahi kuonana na binadamu.

Ganda la hazeli, kokwa ya kuliwa ya kichaka cha Ulaya, ni la msimu mmoja. Kokwa iliiva vuli moja, ikaliwa, ganda likaungua, basi. Tena maganda hayajiendei yenyewe motoni kwa maelfu. Kuna mtu aliyeyapeleka. Staosnaig, katika kisiwa cha Colonsay huko Scotland, Steven Mithen na wenzake walikuta shimo lenye mamia ya maelfu ya vipande vya maganda yaliyoungua. Mtu akinipa shimo la namna hiyo lenye mikrolithi ndani yake, sihitaji kushawishiwa zaidi.

Tofauti ya vitu hivi viwili inaonekana vizuri Mount Sandel, juu ya mto Bann karibu na Coleraine, Ireland ya Kaskazini. Peter Woodman alichimba hapo kati ya 1973 na 1977, akakuta alama za vibanda vya duara vyenye upana wa mita 6 hivi. Tarehe za mwanzo, nyingi zikiwa za makaa, zilitawanyika mno kiasi cha kumfanya msomaji adhani watu walikaa hapo kwa karne nyingi. Mwaka 2009 Woodman na Alex Bayliss walichapisha hesabu mpya iliyoegemea maganda ya hazeli, na kipindi kikajikunja kikawa kifupi, karibu na 7700 KK. Mawe hayakubadilika hata moja, lakini kijiji ni kingine kabisa kwa mtu anayetaka kukilinganisha na jirani zake.

Kuna suala la ukubwa wa sampuli pia. Mashine za zamani zilidai gramu nyingi, hivyo vipande kadhaa vya makaa vilichanganywa na kuchomwa pamoja, na jibu likawa wastani wa vitu ambavyo huenda havikuwahi kuishi wakati mmoja. Mashine za sasa huhesabu atomu zenyewe na huridhika na miligramu. Patrick Ashmore, mwanaakiolojia wa Scotland, alisisitiza mwaka 1999 kwamba tarehe moja itoke kwenye kitu kimoja: ganda moja, punje moja, kijiti kimoja. Ukikuta katika ripoti ya zamani maneno kama "makaa mchanganyiko", itumie tarehe hiyo kwa uangalifu, au iache.

Star Carr inafaa kutazamwa hapa. Makazi haya yalikuwa kando ya ziwa la kale huko Yorkshire, na Grahame Clark aliyachimba kati ya 1949 na 1951, akatoa ncha 191 za pembe zenye miiba na mafuvu 21 ya kulungu yaliyotobolewa yavaliwe kichwani. Mbao zake zilikuwa miongoni mwa sampuli za awali za Libby, na jibu lilikuwa miaka 9,488 kabla ya sasa, kwa kosa la miaka 350 juu au chini (hiyo ni miaka ya maabara, ambayo bado haijasahihishwa kuwa ya kalenda). Ukitaka uhakika wa asilimia 95 lazima uliongeze kosa hilo maradufu kila upande, yaani upana wa miaka 1,400. Uchimbaji mpya ulioongozwa na Nicky Milner, Chantal Conneller na Barry Taylor umeonyesha kwamba watu walitumia mahali hapo kwa miaka 800 hivi, kuanzia karibu na 9300 KK. Kosa la sampuli moja lilikuwa pana kuliko maisha yote ya makazi. Tarehe moja ya namna hiyo hukwambia "Mesolithi ya mwanzo", jambo ambalo mikrolithi zilikuwa zimekwisha kusema bure.

Kinachopunguza upana huo ni kuwa na tarehe kadhaa zinazojulikana mpangilio wake. Howick, kwenye pwani ya Northumberland, Clive Waddington alikuta meko zilizojengwa moja juu ya nyingine ndani ya kibanda kilichoanza karibu na 7800 KK, nazo zilikuwa na maganda ya hazeli. Meko ya chini haiwezi kuwa changa kuliko ya juu. Ukiiambia hivyo programu ya kompyuta ya kukokotoa tarehe, inakataa majibu yasiyowezekana na karne zinabanwa. Programu inayotumika zaidi, OxCal ya Christopher Bronk Ramsey wa Oxford, ni ya bure. Kilicho ghali ni kuchora matabaka vizuri siku ya kuchimba, na hilo huwezi kulirudia.

Ganda la hazeli lina mipaka yake. Mihazeli ilihitaji muda kuenea baada ya barafu, kwa hiyo makazi ya mwanzo kabisa kama Star Carr yalizungukwa na mibetula, na hazeli huzitarajii. Halafu kuna vipindi ambavyo kaboni 14 ya angani ilibadilika kwa namna ambayo karne kadhaa hutoa jibu lilelile la maabara. Kimoja kinaangukia karibu na 9000 KK. Ukiwa na bahati mbaya ya kuangukia humo, kuongeza sampuli mojamoja hakusaidii sana. Mpangilio wa matabaka ndio utakaokuokoa.

Mfupa na pembe

Ncha ya pembe yenye miiba ina faida ambayo ganda halina: ni zana yenyewe, imechongwa na mkono. Ukiipima umepima kazi ya mtu, au angalau mwaka mnyama alipoishi. Lakini mfupa huhitaji kolajeni, yaani protini yake, na mchanga wenye asidi, ambao ndio ardhi ya makazi mengi ya Mesolithi ya Uholanzi, Ubelgiji na vilima vya Uingereza, huila yote. Kinachobaki huko ni mfupa ulioungua hadi ukawa mweupe, na huo nao sasa unapimika, ila unaweza kuchukua kaboni ya kuni zilizouchoma. Ukitaka kupima mifupa ya binadamu au mbwa waliokula samaki, kumbuka kwamba kaboni ya bahari huongeza umri kwa wastani wa miaka 400. Hata maji baridi yana hila hiyo, na masalia ya chakula yaliyoganda kwenye vyungu vya Ertebølle, kipindi cha mwisho cha Mesolithi ya Denmark, yamewahi kuonekana makongwe kuliko yalivyo kwa sababu ya samaki wa mtoni.

Mchanga

Punje ya kwatzi ikizikwa gizani hukusanya nishati kutoka mionzi hafifu ya udongo; ikiangazwa maabara hutoa mwanga unaolingana na muda iliokaa bila jua. Huhitaji ganda wala mfupa. Unapigilia bomba lisilopitisha mwanga kwenye ukuta wa shimo, unaliziba, unapima mionzi ya mahali hapo, unapeleka.

Kwa Mesolithi mimi huiweka nyuma. Kosa lake la kawaida ni asilimia 5 hadi 10, na kwa umri wa miaka 9,000 hiyo ni miaka 450 hadi 900. Kwa kawaida pia huzidi radiokaboni kwa bei. Na unachopima ni siku mchanga ulipofunikwa. Mawe yaliyoteremka sentimita ishirini kwa kazi ya mizizi na fuko hayajulikani na mashine. Inafaa pale ambapo hakuna kilichoungua, au unapotaka kujua tu kwamba tabaka la juu na la chini vimeyabana mawe yako katikati.

Heshima yake iko kwingine. Panga ya Saidi, pwani ya Kenya kaunti ya Kilifi, matabaka yanafika miaka 78,000, ng'ambo ya uwezo wa radiokaboni, na humo ndimo mlimokutwa kaburi la mtoto lililotangazwa mwaka 2021. Kule mwanga wa mchanga ni lazima. Anayetoka kwenye pango kama hilo kwenda Denmark asibebe mazoea hayo moja kwa moja.

Jiwe lililoungua

Hii ndiyo njia inayopima jiwe lenyewe: gumegume lililoangukia motoni likapata joto la mamia ya nyuzi hupoteza nishati yake na kuanza upya. Kwa nadharia hakuna kinachoishinda. Kwa vitendo maabara huondoa ngozi ya nje ya jiwe kabla ya kupima, hivyo kipande kinatakiwa kiwe kinene, nacho kinasagwa. Mikrolithi haifai kabisa. Kosa linakaribiana na lile la mchanga. Nenda nayo ukiwa na jiwe mama kubwa lililopasuka kwa moto ndani ya meko na huna kingine.

Umbo

Vijana wanaotoka maabara huidharau njia hii, nami nadhani wanakosea. Ukiona picha ya vijana waliovaa bugaluu unajua ni miaka ya 1970, na huhitaji mashine; unachotakiwa kujua ni kwamba mjini zilitangulia na shamba zilichelewa kutoka.

Denmark umbo linafanya kazi vizuri mno. Kipindi cha Maglemose, takriban 9500 hadi 6400 KK, kina mikrolithi nyembamba na za pembetatu. Kongemose, hadi karibu na 5400 KK, ina ncha za mishale za umbo la msambamba. Ertebølle, hadi takriban 3950 KK, ina ncha za kukata zenye makali mapana mbele. Peter Vang Petersen alionyesha miaka ya 1980 kwamba ncha hizi zinaweza kugawanywa hata zaidi, na kwamba mashariki mwa Zealand, kisiwa cha Denmark, palikuwa na mitindo ya kienyeji. Nguvu ya mpangilio huu inatoka kwenye mabwawa na makazi yaliyozama, ambako mawe, mbao na mifupa vilihifadhiwa pamoja. Umbo limekwisha kufungwa na radiokaboni mara nyingi, nawe unakopa kazi hiyo.

Uingereza mambo ni magumu zaidi. Kwa utaratibu ambao Roger Jacobi alisaidia sana kuujenga, Mesolithi ya mwanzo ina mikrolithi pana, zenye ncha iliyokatwa mshazari au pembetatu zenye pande mbili sawa. Ya baadaye ina ndogo na nyembamba, hasa pembetatu zenye pande zote tofauti, na mpaka huwekwa karibu na 8000 KK. Halafu inakuja Cramond, karibu na Edinburgh. Maganda yake ya hazeli yanasema 8500 KK hivi, na mawe yaliyokuwa nayo ni membamba. Mtu aliyetegemea umbo peke yake angeyafanya kuwa machanga kuliko yalivyo kwa karne tano au zaidi. Katika bara, kuanzia takriban 6500 KK, vibanzi virefu vya kawaida na mikrolithi za trapezi zilienea Ulaya ya magharibi, lakini Uingereza, iliyokuwa ikitengwa na bahari iliyopanda, hazikushika. Kukosekana kwa trapezi Ufaransa ni dokezo la tarehe. Kukosekana kwake Yorkshire hakukwambii chochote.

Na ukitoka Ulaya, umbo peke yake huacha kuwa saa. Mikrolithi za mwezi mchanga za Bonde la Ufa zilianza zaidi ya miaka 40,000 iliyopita na zikaendelea hadi nyakati za wafugaji.

Meko za sisimizi

Verrebroek na Doel, katika mchanga wa kaskazini mwa Ubelgiji, ni mfano ninaopenda kumpa mtu anayesema ana "meko safi". Kwa muda mrefu vishimo vyenye makaa ya msonobari katika ardhi ya namna hiyo vilihesabiwa kuwa meko za Mesolithi, vikapimwa, na tarehe zake zikatumika kwa zana zilizolala jirani. Mwaka 2015 Philippe Crombé na wenzake walitoa hoja kwamba vingi kati ya vishimo hivyo ni vichuguu vya sisimizi vilivyoungua katika moto wa msituni. Wale sisimizi hukusanya sindano na vijiti vya msonobari; moto ukipita, kinachobaki chini ni shimo lenye makaa. Maabara hazikukosea hata kidogo. Zilipima kwa usahihi umri wa kichuguu.

Ganda la hazeli lililoungua kutoka juu ya sakafu, katikati ya vibanzi vilivyopasuka kwa joto, lina nguvu kuliko shimo zima la makaa lililo mita mbili pembeni. Verrebroek yenyewe, ilipopimwa hivyo kwa sampuli nyingi, ilionekana kuwa mahali palipotembelewa tena na tena kwa muda mrefu na vikundi vidogo. Mkusanyiko mmoja mkubwa ukawa mingi midogo.

Kulinganisha mkusanyiko na mkusanyiko

Hapa pia kuna njia za kuchagua. Ya zamani ni kuhesabu aina za zana. Mwaka 1976 Paul Mellars aliigawa mikusanyiko ya Uingereza kwa uwiano wa mikrolithi na vikwaruzio: mingine imejaa mikrolithi, mingine ina mchanganyiko, michache inatawaliwa na vikwaruzio. Akaihusisha na kazi na misimu, kwa mfano kambi za uwindaji juu milimani. Ni njia rahisi na inasomeka. Ila ina sharti moja ambalo watu hulipuuza: chekeche. Mikrolithi nyingi hazifiki upana wa sentimita moja. Timu iliyochekecha udongo wote kwa matundu ya milimita 3 na timu iliyookota kwa macho haziwezi kuwekwa kwenye grafu moja. Ukiona mkusanyiko wa miaka ya 1930 una "vikwaruzio vingi", uliza kwanza vumbi lilitupwa wapi.

Njia ya pili ni kufuata utengenezaji: jiwe lilitoka wapi, lilianzwaje, lilipigwa na nini, liliachwa likiwa na ukubwa gani. Inachukua miezi. Lakini inakuepusha na makosa ya malighafi, kwa sababu penye kokoto ndogo za ufukweni peke yake, kama pwani nyingi za Scotland, zana zitakuwa ndogo hata kama fundi alitamani kubwa. Usiite hilo utamaduni tofauti kabla hujapima kokoto.

Muda ukiwa mdogo, mimi huchukua katikati: hesabu mikrolithi pamoja na vile vipande vya taka vinavyobaki zinapokatwa kutoka kwenye kibanzi, maana hivyo huonyesha kwamba zilitengenezwa hapo hapo wala hazikuja zikiwa kwenye mshale. Ongeza upana na unene wa vibanzi vizima. Na usilinganishe makazi mawili kabla hujaridhika kwamba kila moja ni tukio moja, si marundo ya karne tano juu ya sakafu moja.

Ukiwa na nini, chagua nini

Kama una shimo au sakafu yenye maganda ya hazeli, swali limekwisha: radiokaboni, ganda mojamoja, kutoka sehemu zenye mpangilio unaojulikana. Usizimalizie sampuli zote mara moja. Peleka tatu au nne, subiri majibu, kisha amua zilizobaki ziende wapi.

Kama ni bwawa lenye pembe na mifupa, pima zana za pembe kabla ya makaa, na omba maabara ifanye kipimo cha awali cha naitrojeni. Ni cha bei nafuu, nacho hukuonyesha kama kolajeni imebaki kabla hujalipia tarehe kamili.

Mchanga mkavu usio na hazeli unahitaji uchekeche tena udongo uliohifadhiwa, ukitafuta mfupa mweupe uliochomwa na vijiti vyembamba vya makaa, kabla hujaenda kwenye mwanga wa mchanga. Makaa ya matawi madogo, aina ya mti ikiwa imetambuliwa na mtaalamu, si mabaya; tatizo ni kaa lisilojulikana lilitoka sehemu gani ya mti.

Sanduku la makumbusho lisilo na maelezo ya tabaka halistahili kipimo chochote cha fedha. Tumia umbo, andika kipindi kipana, taja eneo ambalo mpangilio wako wa maumbo umetoka. Hali ni ileile kwa mawe yaliyookotwa juu ya shamba lililolimwa, ingawa hapo unaweza kurudi. Ukiona mikrolithi za aina moja zimejikusanya kwenye kona moja ya shamba, chimba shimo dogo la majaribio hapo, chini ya kina cha jembe, uone kama kuna chochote kilichoungua.